Siku sita nyuma ya Dom Jerónimo

Siku ya kwanza, Alhamisi. Tanga hadi Likoni

Tiketi ilisema saa kumi na mbili asubuhi. Basi liliondoka saa tatu kasorobo. Utingo alitupa sababu mbili, moja ya tairi na nyingine ya dereva, na zilipoanza kugongana akaona bora anyamaze. Nilikuwa na chupa ya chai, mkate wa kumimina na daftari jipya. Nikakaa dirishani.

Nafundisha historia sekondari, huu mwaka wa ishirini na sita. Kila mwaka tukifika kwa Wareno naandika ubaoni mstari uleule: 1631, Yusuf bin Hasan, mtawala wa Mombasa, awaasi Wareno. Wanafunzi wananakili, tunasonga mbele kwa Waomani. Mwaka jana binti mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono. "Mwalimu, nimesoma kwamba huyu alikuwa Mkatoliki. Aliitwa Dom Jerónimo. Sasa aliwaasi kina nani, wenzake?" Nikatoa jibu la mwalimu aliyebanwa: swali zuri, tutalirudia wiki ijayo. Hatukulirudia. Likanikaa kooni kama mwiba wa changu.

Nami nimezaliwa Mkatoliki, mtu wa jumuiya na kwaya. Kwa hiyo swali la yule binti lilinigusa mahali pawili, pa kazi na pa nyumbani.

Lungalunga foleni ilikuwa fupi. Ofisa, kijana mwenye sauti ya taratibu, alifungua pasipoti yangu. "Sababu ya safari, mama?"

"Kutembea."

"Unamtembelea nani?"

Nikafikiri kidogo. "Mtu wa zamani." Akagonga muhuri.

Jua lilikuwa limekwisha kuinama tulipofika Likoni. Feri ilijaa hadi pembeni: baiskeli, mikokoteni ya maji, mama mwenye kuku watatu kwenye kapu, wafanyakazi wa ng'ambo wakirudi makwao. Wa miguu halipi kitu. Nilisimama upande unaotazama baharini nikifikiria kwamba huyu mtu wangu naye aliingia kisiwa hiki kwa maji, akiwa na mke wa Kireno na taji alilovishwa Goa, makao makuu ya Wareno kule India.

Siku ya pili, Ijumaa. Ngomeni, kisha Mji wa Kale

Chumba changu kiko ghorofa ya tatu. Maji hutoka kwa zamu na zamu yetu ilipita nikiwa usingizini. Nikajipangusa kwa kitambaa, nikashuka kula mahamri na mbaazi za nazi kwa mama mmoja aliyeketi mlangoni pake. Alinitazama nikimumunya. "Wewe si wa hapa." "Wa Tanga." "Aa, basi ni wa hapa."

Ngome ya Yesu ilifunguliwa nami nikiwa wa nne kwenye mstari. Ujenzi wake ulianza 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mtaliano wa Milano. Taji la Ureno wakati huo lilikuwa kichwani mwa Philip wa Hispania, ndiyo maana mojawapo ya buruji zake nne inaitwa São Filipe. Husemwa kwamba ukiitazama kutoka juu ni mtu amelala chali, kichwa kimeelekea baharini. Mimi niliitazama kutoka chini. Nilichoona ni ukuta wa matumbawe uliopauka rangi, mrefu kiasi cha kukufanya ushike kilemba.

Kijana wa kutembeza wageni alinichukua mlangoni. Anajua kazi yake, na anatembea mbio. Nilimwomba asimame pale pale langoni, maana nililolijia lilikuwa juu ya vichwa vyetu: jiwe lenye maandishi ya Kireno, herufi zimebanana na maneno yamefupishwa ili yaenee, kama mtu anayemalizia barua kwenye kipande cha mwisho cha karatasi.

Jiwe ni la 1639. Linamsifu Francisco de Seixas de Cabreira, aliyefanywa kapteni wa ngome hii 1635 akiwa na umri wa miaka 27. Linasema aliijenga upya. Linasema aliwarudisha chini ya mfalme watu wa pwani hii waliokuwa wameasi pamoja na mfalme wao dhalimu. Halafu linaanza kuhesabu. Wafalme wadogo wa pwani akawatoza kodi. Pate na Siyu akazipiga yeye mwenyewe mpaka kuta za miji zikalala chini. Wamusungulo wa bara akawaadhibu. Pemba akawaua magavana walioasi na wakubwa wote wa mji, tena kwa uamuzi wake mwenyewe, na jiwe linalitaja hilo kwa fahari. Kwa kazi hiyo akapewa heshima ya nyumba ya mfalme, pensheni ya kila mwaka na vyeo vya mbele. Nishani ya Daraja la Kristo alikuwa nayo tayari.

Nililisoma tafsiri yake mara tatu. Huyo mfalme dhalimu hatajwi jina. Ndiye Dom Jerónimo.

"Huyu, mama, ndiye shujaa wetu," kijana akasema. "Yusuf. Aliwamaliza wote humu ndani."

"Alikuwa na umri gani?"

"Mtu mzima."

"Kama miaka 24."

Akacheka. "Kumbe rika langu."

Tukaingia. Uani kuna misingi ya kanisa dogo na mabaki ya nyumba ya kapteni. Hapa ndipo mambo yalipotokea, katikati ya Agosti 1631, wakati Wareno wakiwa kwenye Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria Mbinguni. Kapteni wa wakati huo, Pedro Leitão de Gamboa, alikuwa amekwisha kugombana na mfalme. Palikuwa na ugomvi wa madaraka na wa dharau, halafu ikaja habari moja iliyofunga mlango: mfalme Mkatoliki ameonekana usiku kwenye kaburi la baba yake akiomba Kiislamu. Mkristo aliyebatizwa akirudi kwenye dini ya kwao hilo si kosa la kapteni kuhukumu, ni la Mahakama ya Uchunguzi wa Imani kule Goa. Na Jerónimo alikulia Goa. Hakuhitaji kuelezwa maana ya kupelekwa huko.

Akaingia ngomeni na watu wake kama mgeni wa kawaida, mwenye haki ya kuingia. Akamchoma kapteni kisu. Watu wake wakaimaliza ngome, kisha mji wa Wareno nje ya kuta. Waliobaki wakakimbilia kwa mapadri Waagustino. Walizingirwa siku kadhaa, wakatoka kwa ahadi, wakatakiwa wasilimu. Waliokataa wakauawa. Hesabu inayorudiwa na wanahistoria ni Wareno wapatao 150: wanaume 45, wanawake 35, watoto 70. Juu yao kuna Waswahili na Waafrika wengine waliokuwa wamebatizwa, nao hawakuwa wachache.

Sijui kama kijana hutaja wale 70 kwa wageni wengine. Mimi nilipowataja alitazama chini kwenye ule msingi wa kanisa, akasema, "Hayo ya watoto hatuyasemi sana, mama." Alisema bila kujitetea, nikampenda kwa hilo.

Ndani ya jumba kuna kipande cha ukuta chenye michoro ya askari na mabaharia wa Kireno, kwa rangi nyekundu na nyeusi. Meli, watu, vitu ambavyo mtu huchora akiwa na muda mwingi na kwao mbali. Nilikaa mbele yake kuliko popote. Mkono uliochora ile milingoti uliijua kila kamba inapofungwa. Jerónimo naye alikuwa mtu wa meli. Wareno wenyewe walimfundisha kupiga mizinga, akatumikia kwenye merikebu zao za vita, na alipotoka huko naye alikuwa na nishani ya Daraja la Kristo kifuani. Ndiyo ile ile ya Cabreira. Vijana wawili wa daraja moja, mmoja 24 na mwingine 27. Mmoja aliua wakubwa wa Mombasa ya Kireno, mwingine akaua wakubwa wa Pemba. Wa pili ana jiwe.

Niliyaandika haya kwenye daftari kwa mwandiko mbaya kwa sababu mkono ulikuwa unanitetemeka kidogo. Nilikuwa sijala tangu mahamri.

Jioni, baada ya sala ya Ijumaa na joto kupungua, nikapita Ndia Kuu. Mzee mmoja kwenye baraza aliniona nikisoma kibao cha nyumba, akaniita nikae. Kahawa chungu ikaja, na kashata. Mazungumzo ya kawaida kwanza: kwa nani Tanga, Chumbageni au Ngamiani, mvua zimenyesha. Ndipo nikamwambia ninachofuata.

"Wazungu wamwita Jerónimo," akasema. "Vijana wa ngomeni wamwita shujaa. Sisi hatumwiti."

"Kwa nini, babu?"

"Wewe mwalimu, hebu nambie. Wareno waliporudi walimkuta nani?"

Nilijua tarehe. Goa ilituma merikebu mapema 1632 chini ya Dom Francisco de Moura, zikaipiga ngome zikashindwa, zikaondoka. Yusuf akaona watarudi. Mwezi Mei akaibomoa ngome kadiri alivyoweza, akauharibu mji, akapanda meli aliyoiteka, akaenda zake Arabuni. Agosti hiyo hiyo Wareno wakaingia tena bila kupigana.

"Walikuta watu wa mji," nikasema.

"Haya." Akanywa kahawa yake. "Yeye alikuwa na jahazi."

Siku ya tatu, Jumamosi. Rabai

Matatu ya Mazeras, halafu bodaboda. Dereva wa bodaboda alitaka kujua kama nakwenda kwa Krapf, yule mmisionari Mjerumani wa karne ya kumi na tisa, maana wageni wote huenda kwa Krapf. Nikamwambia nakwenda kwa mtu aliyekuja miaka zaidi ya mia mbili kabla ya Krapf. Akaniachia kanisani vilevile.

Baba yake Yusuf, Sultani Hasan bin Ahmad, aligombana na makapteni wa Mombasa hadi akawa hana pa kulala. Mwaka 1614 akakimbilia bara kwa watu ambao Wareno waliwaita Wamusungulo, na wanahistoria huelekeza kidole upande huu wa Rabai. Alidhani amepata hifadhi. Hongo ya Wareno ikamtangulia. Akauawa na wenyeji wake, na kichwa chake kikapelekwa Goa.

Mtoto alikuwa na kama miaka saba. Naye akapelekwa Goa.

Nimeipitia habari hii mara nyingi kwenye vitabu na kila mara vitabu vinaipita haraka, kama vile ni mizigo miwili tu iliyosafirishwa bandari moja. Mimi nimelea watoto watatu na nimefundisha mamia. Mtoto wa miaka saba anajua. Waagustino walimchukua, wakamfundisha kusoma, Kireno, katekisimu, wakambatiza Jerónimo Chingulia. Sina sababu ya kudhani walimtesa. Huenda walimpenda. Lakini katika mji ule ule alimojifunza Baba Yetu ndimo kilimopelekwa kichwa cha baba yake, na hakuna padri ambaye angeweza kulifanya hilo lisiwe kweli.

Rabai palikuwa pazuri na pa kimya. Mgema alikuwa anashuka mnazini, kotama kiunoni, kibuyu kimefunikwa kwa majani ili nyuki wasiingie. Nilimuuliza mzee aliyekuwa kivulini kama kuna hadithi ya sultani aliyeuawa huku zamani. Akafikiri kwa adabu. Alinieleza habari za kaya, yale makazi ya kale ya msituni ya Wamijikenda, za vita na Wamasai, na za Krapf. Ya sultani hakuwa nayo. Nilinunua madafu mawili nikarudi mjini na vumbi hadi kwenye nyusi.

Siku ya nne, Jumapili. Misa, na maji yamepatikana

Maji yalitoka saa kumi usiku na nyumba nzima ikaamka. Ndoo, sufuria, chupa. Nimeoga kama bibi harusi.

Misa ya kwanza Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu, barabara ya Nkrumah. Kwaya nzuri, sauti ya pili ni imara kuliko yetu, nakiri. Wakati wa Ekaristi niliona wazi kwamba nimekuja nikimtetea mtu moyoni mwangu, nikaona haya kidogo. Wale wanawake 35 nao walisali sala hizi, kwa Kilatini.

Baada ya misa niliongea na katekista mmoja mwanamke wa umri wangu. Nilimuuliza kama amesikia habari za mashahidi wa Mombasa. Amesikia. Akanirekebisha: "Wafiadini, dada. Na usiwahesabu Wareno peke yao. Walikuwamo watu wa hapa hapa."

Ana haki. Mwaka 1632 Goa iliitisha uchunguzi wa kanisa juu ya vifo vile, kwa nia ya kuthibitisha kwamba walikufa kwa ajili ya imani. Waliosalimika wakahojiwa, majibu yakaandikwa. Mengi tunayoyajua juu ya siku zile za Agosti yametoka kwenye kinywa cha watu waliokuwa wanaulizwa swali hilo moja: je, alipewa nafasi ya kuikana imani, na je, alikataa? Kwa hiyo tunaambiwa nani alisema nini kabla ya mshale, na jinsi wanawake walivyokwenda kufa wakisali. Kodi ya forodha haikuulizwa. Kichwa cha Hasan bin Ahmad hakikuulizwa. Mwalimu yeyote anajua kwamba mtihani hupata majibu ya maswali yaliyomo.

Hilo halifanyi majibu yawe ya uongo. Nilimwambia katekista hivyo na akaniangalia kama mtu anayengoja sehemu ya pili ya sentensi. Sikuwa nayo.

"Na yeye," akauliza, "unadhani aliwahi kuamini?"

Hapo tulikaa. Alitawazwa Goa 1626, akala kiapo. Mwaka uliofuata barua ya utii wake ikaandikwa kwa Papa, ambaye wakati huo ni Urban wa Nane. Alikuwa na mke, Dona Isabel. Habari za zamani zinasema raia wake wa Mombasa walimtazama kwa jicho la pembeni, mfalme anayekula nguruwe na kuvaa kofia ya Kireno, na Wareno nao walimtazama kwa jicho la pembeni kwa sababu ni yeye. Alikuwa mtu wa watu wawili na hakuna aliyemtaka mzima. Katekista alisema kwa maoni yake aliamini, kwa sababu asiyeamini hajali, angekula nguruwe yake na kunyamaza. Anayekwenda kaburini usiku kwa siri ni mtu anayejali sana. Sijapata jibu bora kuliko hilo kwa profesa yeyote.

Jioni nikavua viatu, nikalala mapema.

Siku ya tano, Jumatatu. Malindi

Matatu ya alfajiri, daraja la Kilifi kukiwa na ukungu mwembamba juu ya mto. Nimekuja huku kutafuta ukoo.

Watu husema sultani wa Mombasa, lakini ukoo wa Yusuf ulikuwa wa Malindi. Vasco da Gama alifika hapa Aprili 1498 akitoka kufukuzwa Mombasa, na Malindi, yenye ugomvi wake wa siku nyingi na Mombasa, ikampokea. Karibu miaka 100 Malindi ilikuwa rafiki wa Wareno pwani nzima ikilia. Mombasa ilipovunjwa mwishoni mwa karne ya kumi na sita, Wareno wakamchukua mtawala wa Malindi, Ahmad, babu yake Yusuf, wakamkalisha Mombasa. Fungu lake lilikuwa theluthi ya ushuru wa forodha. Hapo ndipo ugomvi wote ulipozaliwa, ndani ya ile theluthi: nani anaikusanya, nani anaipunja, kapteni ni mgeni wa sultani au sultani ni karani wa kapteni. Kufikia 1614 jibu lilikwisha kujulikana.

Kwa hiyo mzee wa Ndia Kuu alikuwa na sababu nyingine ambayo hakuisema. Kwa watu wa Mvita ukoo huu uliingia na Wareno mlango mmoja.

Nilikwenda kwenye nguzo ya Vasco da Gama, iliyosimama kwenye rasi, mawimbi yakila mwamba chini yake. Nguzo ni ya matumbawe, msalaba wa juu ni wa jiwe lililoletwa kutoka Ureno. Palikuwa na maharusi wawili wakipigwa picha na mpiga picha aliwataka wakumbatie nguzo. Wakaikumbatia.

Kanisa dogo la Wareno liko njia hiyo hiyo, paa la makuti, makaburi pembeni. Fransisko Ksaveri alipita Malindi 1542 akielekea India, akamzika hapa baharia. Dakika kumi zinatosha, na nilizikaa ishirini kwa sababu ya kivuli.

Lakini kilichonishika Malindi ni makaburi ya nguzo kando ya msikiti wa Ijumaa. Ni ya zamani kuliko Wareno. Nguzo ya kaburi la mkubwa mmoja imesimama juu ya paa za maduka, imara, chokaa imebanduka vipande vipande na matumbawe yanaonekana kama mfupa. Chini yake kijana alikuwa anatengeneza simu. Mbuzi wawili. Ukoo uliojizika hivi ulijua kujikumbusha kwa watu. Na wa mwisho wao aliyetawala amekosa hata kibao. Baada ya 1632 Wareno hawakumweka tena mtu wa ukoo huo Mombasa, wakatawala wenyewe hadi Waomani walipoitwaa ngome Desemba 1698.

Yusuf mwenyewe akawa haramia. Pate, Komoro, pwani ya Bukini, yaani Madagaska, akiwawinda Wareno kwa ufundi waliomfundisha. Hakurudi Mombasa. Alikufa 1638 upande wa Bahari ya Shamu, umri miaka thelathini na kidogo. Mwaka mmoja baadaye Cabreira akachonga jiwe lake. Sijui kama habari za kifo zilikuwa zimemfikia, lakini napenda kudhani aliandika neno "dhalimu" akiwa bado anatazama baharini.

Nilikula samaki wa kupaka kwenye kibanda karibu na soko. Nimekula vingi safari hii, hiki ndicho nitakachokikumbuka: ngozi imeungua kidogo, nazi nzito, ndimu, na mwenye kibanda akinikataza kutumia uma.

Siku ya sita, Jumanne. Kurudi

Kabla ya basi nilipita tena ngomeni, nje tu. Kijana wangu alikuwa na kundi la wanafunzi wa shule ya msingi, wamevaa sweta kwenye joto lile, wameshikana mikono wawili wawili. Alikuwa amesimama nao chini ya jiwe. Alinipungia mkono, kisha akawageukia. Nilimsikia akisema Yusuf alipelekwa mbali na kwao akiwa mdogo kuliko nyinyi. Hilo Ijumaa hakulisema. Mtoto mmoja akauliza kama mama yake alikwenda naye. Kijana akanitazama mimi. Nikatikisa kichwa kuonyesha kwamba sijui. Akawaambia, "Twendeni tukaone mizinga."

Feri, Ukunda, mashamba ya miwa, mvua ya ghafla iliyotulazimisha kufunga madirisha na kupikika humo ndani. Basi la kurudi liliondoka kwa wakati, jambo lililonitia wasiwasi njia nzima.

Horohoro alikuwapo ofisa wa kike, wa kwetu, kilemba chake kimefungwa vizuri. Alifunua kurasa. "Siku sita. Ulikwenda kwa nani, mama?"

"Kumtazama marehemu mmoja."

"Pole sana. Mmemzika salama?"

"Alifia Bahari ya Shamu."

"Masikini, baharia?"

"Mwanzoni," nikasema.

Akagonga muhuri, akanirudishia pasipoti kwa mikono miwili.